Nilivyomlilia Dada Yangu Nikiwa na Vitunguu Mkononi

Heri niiseme aibu yangu mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa kijijini kwetu Buger, maana wao wanaiongezea chumvi na kuigiza sauti yangu: mimi, mzee wa miaka sabini na kitu (hicho kitu chenyewe sikijui, aliyeandika cheti changu cha ubatizo alikisia kwa kuangalia meno), nilisimama mbele ya shule nzima na wazazi na mwenyekiti wa kijiji, nikamlilia dada yangu marehemu kwa sauti kubwa, nimeshika vitunguu mkononi, na dada yangu hakuwa amekufa. Alikuwa amekaa benchi la tatu anatafuna karanga.

Ningependa kusema kosa lilikuwa la macho. Na macho yalihusika, sikatai, nitafika huko. Lakini kosa lilianza muda mrefu kabla ya siku hiyo, lilianza na neno moja nililolisema huku nikinywa chai, na mpaka leo najuta kulisema.

Mimi naitwa Safari. Wasiotujua wanadhani nilijipa jina hilo kwa ajili ya wageni, lakini kwetu Wairaqw ni jina kama majina mengine, nilizaliwa baba akiwa njiani, basi. (Wageni walilipenda mno. Kuna mmoja alinishika bega tukapigwa picha kana kwamba kreta ya Ngorongoro nimeichimba mimi.) Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kambi moja ya watalii pale Karatu, si kulinda, si kupika, kukaa tu na kusimulia. Magari yakirudi kutoka Ngorongoro, wageni wakishaoga lile vumbi jekundu ambalo haliishi hata uoge mara tatu, wananizunguka, mimi nasimulia, mwongozaji wao anatafsiri, wanashangaa, wananipigia makofi. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, na la tatu lenyewe nililirudia, kwa hiyo makofi yale yalinipanda kichwani.

Hadithi zangu zote zilitoka mahali pamoja, ndani ya nyumba ya baba yangu kule Buger. Nyumba za zamani za kwetu zilichimbwa kwenye ubavu wa kilima, ukiwa juu huoni kitu, unaona majani tu na pengine mbuzi anapita, kumbe chini ya kwato zake kuna watu wanakoroga ugali. Walijenga hivyo enzi za kuporwa ng'ombe, ili adui apite juu bila kujua. Sisi tulikuwa wa mwisho mwisho kukaa humo. Ndani giza, hata mchana giza, na ng'ombe wanapumua pembeni yako.

Basi mwaka mmoja nikiwa mdogo, sijaota hata meno ya pili, mama alijifungua mtoto akafa siku ile ile. Zamani kwetu kifo cha namna hiyo kiliifungia nyumba. Hakuna anayewagusa, hakuna anayeingia kwenu, kisimani mnachota peke yenu, mkikutana na mtu njiani mnapita majanini. Miezi mingi. Baba alikuwa ameenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya kahawa ya wazungu, akazuiwa asirudi mpaka muda uishe. Tukabaki watatu kwenye giza lile: mama amelala ameelekea ukutani, hasemi, mimi nalia, na dada yangu Martina, amenizidi miaka mitatu minne hivi.

Hapo ndipo yalipoanza mazishi. Tulizika mende. Tulizika mjusi. Tulimzika panya kwenye kibuyu kilichopasuka, akahubiriwa, akaimbiwa, na fisi akaja kwenye msiba na sahani yake mwenyewe (fisi alikuwa ni mmoja wetu amejifunika ngozi). Kulikuwa na hadithi ya mjusi aliyekufa halafu akakataa kukaa kaburini kwa sababu hakuwa amemaliza uji wake, anarudi kila siku anauliza, "Nani kanywa?" Na siku ya mjusi huyo, mama, ambaye hakuwa ametoa sauti tangu tulipofungiwa, alicheka. Alicheka akiwa bado ameelekea ukutani, mabega yakitikisika, halafu akageuka akasema, "Nipeni na mimi uji."

Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi yangu ya mwisho kila mara pale kambini. Wageni walilia. Na kila mara nilisema hivi: niliyemtunga mjusi yule ni mimi, niliyemchekesha mama ni mimi.

Sasa subirini.

Alikuja mwanamke mmoja kutoka Arusha anaitwa Upendo, mtu wa makamo, zamani alikuwa mwalimu, kicheko chake kikubwa kuliko mwili wake. Alinisikia pale kambini, kesho yake akanifuata nyumbani na daftari.

"Shikamoo babu. Mimi naandika kitabu cha watoto. Nataka kiwe cha kutisha, majeneza, makaburi, nyumba ya giza, lakini mtoto akiogopa acheke hapo hapo."

Nikachanganyikiwa. "Sasa mama, mtoto alie au acheke?"

"Vyote, babu. Kwa zamu."

Nikamwambia hiyo mbona ndiyo nyumba yetu. Akasema ndiyo maana amekuja, anataka asili yake, anataka ajue yalitoka wapi haya, tukae nimweleze pole pole. Tukakaa siku nne. Nilimweleza mende, nikamweleza mjusi, nikamweleza na siku dada alipotaka tumzike yeye mwenyewe, amelala ndani ya hori la ng'ombe, amefunikwa ngozi, anachungulia aone nani analia zaidi. Upendo alicheka mpaka akafuta macho kwa mtandio. Halafu siku ya nne, kalamu mkononi, akauliza:

"Na huyo dada yako yuko wapi sasa, babu? Ningependa nimwone."

Nikapiga funda la chai. Nikasema, "Alishakufa."

Lilitoka lenyewe. Upendo akafunga daftari, akaniambia pole sana babu, akatuma dukani nikaletewa soda ya pole. Nikainywa. Nilikunywa soda ya msiba wa mtu ambaye saa ile ile alikuwa Buger anapalilia mahindi yake na kuwatukana tembo wanaoshuka msituni kuyala.

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu nilikuwa sijaongea na Martina miaka tisa. Alisikia kwa watu kwamba nasimulia, siku moja akaja kambini na kikapu chake cha mayai, akasimama nyuma ya wageni akasikiliza mpaka mwisho, mpaka pale mama alipocheka, halafu akasema kwa sauti, kwa Kiiraqw, "Safari, hiyo ni yangu." Mwongozaji akaniuliza, "Huyu mama ni nani, babu?" Wageni wote wamegeuka. Nikasema, "Simjui."

Akaweka kikapu chini. Akaniangalia. Akakiokota akaondoka. Tangu siku hiyo nikipita kushoto yeye kulia, hata kanisani Pasaka. Sasa ningemwachaje Upendo aende kwake na daftari?

Kitabu kikatoka. Upendo akaniletea nakala yangu, jalada lina nyumba yenye macho na mtoto amekaa juu ya jeneza anakunywa uji. Kizuri, kinanukia. Mimi kusoma naweza, lakini nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, ukurasa wa kwanza ulinichukua siku mbili, wa pili nikaupumzisha. Baada ya mwezi akanipigia simu, "Babu, umekisoma?" Nikasema, "Nimekimaliza. Mwisho umenigusa sana." (Mwisho sikuujua uko upande gani.) Laiti ningefika mbele kidogo ningeona kwamba yule mtoto wa kwenye hadithi kapewa jina la Martina, kwa heshima ya marehemu. Na mwanzoni kabisa, kwenye ule ukurasa mtupu ambao niliuruka nikidhani hauna kitu, kulikuwa na maneno madogo: *Kwa Martina. Pumzika.*

Upendo akapanga uzinduzi. Akasema utafanyika Buger penyewe, shuleni, karibu na ile nyumba, na mimi ndiye mgeni rasmi, nitaeleza asili ya kitabu. Moyo ukaruka, Buger kwa Martina! Lakini nikajipa moyo, Martina na vitabu wapi na wapi, saa kama hiyo yuko shambani. Na mgeni rasmi sijawahi kuwa. Nikakubali.

Siku yenyewe iliamka vibaya. Nilivaa suti niliyofungia ndoa, nikaikalia miwani yangu kitandani, kioo kimoja kikatoka kikaingia sijui wapi, cha pili kikapasuka katikati kama mpaka wa shamba. Na hilo jicho lenye kioo ndilo lenye ukungu. Bodaboda ikapata pancha kabla hatujafika mbali, tukakaa tunangoja kiraka, vumbi linatupita, nikafika Buger nimechelewa saa mbili nzima, niko mwekundu kuanzia nyusi mpaka viatu.

Naona nini sasa? Naona turubai limefungwa uwanjani. Wamama wamekaa chini wamejifunga khanga. Kwaya inaimba wimbo wa mazishi. Katikati, juu ya stuli mbili, jeneza, limefunikwa shuka jeupe, na pembeni limeegemezwa msalaba wa mbao.

Nikasimama. Ninyi mnaokaa vijijini mnajua, msiba ukitokea hakuna shughuli nyingine, harusi inaahirishwa, mkutano unaahirishwa, sembuse kitabu. Nikasema moyoni, maskini Upendo, siku yake imeingiliwa na kifo. Nikavua kofia. Nikasogea kwenye msalaba nione ni nani, nikaanza kuruka mawe yangu. M. A. R. Nikasema hapana. T. I. Nikafuta kile kioo kwa kofia. N. A.

Lakini Buger ina Martina wengi, ubatizo ulileta majina machache. Nikamwinamia mama mmoja aliyekaa pembeni, simfahamu, nikamnong'oneza, "Samahani mama, ni Martina yupi?"

Akaniangalia, akatabasamu (akatabasamu!), akasema, "Si yule wa nyumba ya chini ya ardhi, babu! Na wewe si ndiye mwenye msiba? Pita mbele, wamekusubiri mpaka wamechoka."

Wa nyumba ya chini ya ardhi. Duniani alikuwa mmoja tu.

Sijui niwaelezeje. Kichwa kilivuma kama mzinga wa nyuki. Nikajua nimemwua mimi. Nililitamka kwenye chai, na kinywa kilekile kikanywa soda yake, na sasa limetimia. Upendo akanikimbilia, amevaa gauni jeusi, macho yamelowa, na mimi nitajuaje kwamba ni machozi ya kucheka?

"Babu! Umefika! Tumeanza bila wewe, tusamehe, jua lilikuwa linapanda."

"Nimeona," nikasema. "Imekuwaje?"

"Alitaka mwenyewe, babu, si unajua alivyo. Kasema azikwe aone nani atalia."

Nikachanganyikiwa zaidi. Lakini nikasema moyoni ndiyo, huyo ni Martina kweli, hata kufa kafa kwa kutega watu.

Sasa kuna jambo letu moja lazima mlijue. Kwetu, mtu mliyegombana naye akifa, humwachi aingie ardhini na kinyongo, atakurudia, atawarudia na wajukuu. Unasimama mbele ya watu wote, unashika majani mabichi mkononi, ndiyo alama ya kuomba amani, unasema kosa lako kwa sauti, lote bila kuficha, halafu unayaweka majani juu yake. Usipofanya kabla ya udongo, basi tena. Na pale walionekana wanakaribia udongo.

Nikasema, "Ngojeni!" nikazunguka nyuma ya madarasa kutafuta majani. Kiangazi kile, uwanja mzima kahawia, huwezi kupata jani la kumpa sungura. Mpaka nikaona, kwa lile jicho langu lenye mpaka wa shamba, kitu cha kijani kibichi kando ya nyumba ya mwalimu, kimemwagiliwa vizuri. Nikang'oa fungu zima pamoja na udongo wake. Harufu niliisikia. Nikadhani ni huzuni.

Niliporudi, padri alikuwa amesimama kando ya jeneza. Padri mfupi sana, ndevu nyeupe zimelegea upande mmoja, anasema kwa sauti nyembamba, "Mavumbi kwa mavumbi, na uji kwa aliyebakiza!" Na watu wanacheka. Wanacheka! Dada yangu amelala pale na watu wanacheka, mwenyekiti wa kijiji anapiga paja.

"Nyamazeni!" nikapiga kelele. "Mnacheka maiti? Mna adabu ninyi? Na wewe padri, toka hapo!"

Wakacheka mpaka benchi moja likaanguka. Nikamsikia mtu anasema, "Aisee, mzee ana kipaji huyu!" Mwingine anasema, "Na vitunguu amekuja navyo, ili machozi yatoke!" Makofi. Mimi huwa nayajua makofi, nimekula kwa makofi maisha yangu yote, na siku hiyo yaliniuma kama kiboko.

Nikayaacha. Nikapiga magoti mbele ya jeneza, suti yote, nikainua majani yangu, nikaanza.

"Martina dada yangu. Mimi Safari. Ulikuja na kikapu cha mayai nikasema sikujui. Nilikujua. Mkono wako ndio ulionifumba macho nisione giza, ningekusahauje? Niliona haya mbele ya wageni. Wewe ulisema kweli, zilikuwa zako, mende alikuwa wako, panya wako, fisi wako na sahani yake. Mimi nilikuwa nalia tu pembeni, kazi yangu ilikuwa kulia. Nimekula kwa hadithi zako miaka yote hii, na nyumba yangu ya bati umeijenga wewe, na hata kikombe cha chai sikukukaribisha. Halafu mtu alipouliza uko wapi nikasema umekufa, kumbe ulikuwa hai, na sasa..."

Hapo nikafuta pua kwa mkono wa suti. Na nikasikia kwamba kicheko kimekwisha. Kwaya kimya. Mbuzi mmoja tu anasikika.

"Na mjusi ni wako," nikasema pole pole. "Aliyemchekesha mama ni wewe. Si mimi. Ni wewe."

Nikaweka majani juu ya shuka, nikayatikisa kidogo kama inavyotakiwa, na udongo ukamwagika.

Jeneza likapiga chafya.

Halafu likasema, "Babu, unanimwagia udongo machoni!" na shuka likainuka, likakaa.

Wanaosema nilikimbia wanasema uongo, nisingeweza, magoti hayana spidi hiyo. Nilianguka kinyumenyume. Katika kuanguka nikashika nilichokiona cha kushika, na kilikuwa kamba ya turubai, na nguzo ya katikati haikuwa imechimbiwa sawasawa (hilo nalisema mpaka leo, haikuchimbiwa), turubai zima likashuka juu yetu taratibu kama nyumba inayofunga mdomo. Kwaya ndani, mwenyekiti ndani, padri ndani na ndevu zake. Watu wanatambaa, wanakanyagana, mtu anaita kiatu chake.

Mimi sikutambaa. Nilikaa pale chini kwenye nusu giza lile, sijui nani hai nani mfu. Ndipo nikasikia mtu anakuja kwa magoti, polepole, anahema kizee. Akafika karibu kabisa na uso wangu. Nikasikia harufu ya karanga.

"Safari."

Nikajivuta nyuma kwa makalio. Usingejivuta wewe?

"Safari, hayo ya mwisho rudia. Nilikuwa natafuna, sikusikia vizuri."

Nikamgusa uso. Ulikuwa wa moto. Nikasema, "Aliyemchekesha mama ni wewe."

"Na yule mama wa mayai, unamjua?"

"Namjua. Ni dada yangu."

"Haya," akasema. Tukakaa hapo gizani, watu wanapita juu ya miguu yetu kama wale mbuzi wa zamani walivyopita juu ya dari, na mimi naapa kwamba kwa dakika hiyo nilikuwa sijaota meno ya pili.

Halafu turubai likainuliwa, jua likaingia, na aibu yote ikaniona.

Nikaelezwa. Ilikuwa igizo. Wanafunzi walikuwa wanaigiza kitabu, hawakuniambia mapema ili mgeni rasmi apate kitu cha kufurahisha. Aliyekuwa ndani ya jeneza ni mjukuu wa Martina, ndiyo maana bibi yake aliacha shamba akaja kumtazama. Upendo amesimama na kitabu mkononi, hacheki tena.

"Babu," akasema, "uliniambia amekufa. Nimemwandikia mpaka rambirambi."

"Wapi?" Martina akauliza. Akasomewa ule ukurasa niliouruka. Akafikiri. "Pumzika," akasema. "Nimepumzika lini mimi? Hata leo nimeacha magugu."

Hapo watu wakacheka upya, na safari hii kicheko kilikuwa changu halali, sikuweza kumwambia mtu anyamaze. Mwalimu mkuu naye (mtu wa Singida, mgeni kwetu, mpole sana siku nyingine zote) akatokea nyuma ya madarasa, mikono kiunoni, anauliza, "Jamani, nani ameng'oa vitunguu vyangu?" Shule nzima ikanigeukia, na mimi bado ninacho kimoja mkononi.

Martina akaninyang'anya kile kimoja, akaokota na vile vya kwenye shuka, akavifungia kwenye pindo la khanga. "Hivi nachukua," akasema. "Vitunguu si majani. Majani utaleta nyumbani, majani ya kweli, na uje nayo mchana watu wakuone."

Nilienda wiki iliyofuata. Nilitembea kutoka barabarani mpaka kwake na majani mkononi, na kila uzio niliopita kulikuwa na mtu amesimama, mwingine ananiuliza, "Babu Safari, leo nani kafa?" Nikawaitikia wote. Martina akayapokea majani, akayachomeka juu ya mlango. Hakusema nimesamehewa. Akasema ingia, chai inapoa.

Ndani nikamkuta Upendo na daftari jipya. Alitaka kuanza upya, aisikie asili ya kitabu kwa mwenye nayo. Nikakaa pembeni na kikombe changu. Martina akasimulia, na mimi niliyeishi kwa kusimulia nikasikiliza kama mgeni wa kambini, maana kumbe yalikuwepo mengi sikuyajua, kumbe fisi alikuwa na mke, kumbe yale mazishi yote aliyatunga kwa sababu alimwogopa yule mtoto mchanga aliyezikwa bila mtu kumsemea neno, akaona afadhali waliobaki, hata mende, wasemewe. Hilo sikuwahi kulijua. Nilitazama chini kwenye chai.

Upendo akaandika, akaandika, mwishoni akauliza, huku akinitupia jicho, "Na huyo mdogo wako, bibi, yule aliyekuwa analia pembeni, yuko wapi siku hizi?"

Martina akachukua birika.

"Alishakufa," akasema.

Upendo akaniangalia mimi, nimekaa pale kwenye stuli, suti ina mabaka ya udongo. Akaandika.

Nikapiga funda la chai. Tangu siku hiyo nimejiapiza, mtu akiniuliza habari za mtu, hata kama nimegombana naye mpaka kwa mwenyekiti, nasema yuko hai, yuko mahali fulani, nenda kamwone. Na vitabu nasoma mpaka zile kurasa tupu. Lakini mpaka leo sijui vizuri kama dada yangu alikuwa anatania au alimaanisha, maana uso wake haukucheka hata kidogo, isipokuwa kwamba alipokwisha kusema vile, aliinama akanijazia kikombe tena.